Mwanakheir na Neno Lake Mbele ya Kadhi

Mwanakheir alikuwa na miaka kumi na tisa alipogombana na Muhiddin kwa mara ya kwanza, na walichogombania kilikuwa kiti.

Ilikuwa Jumapili alasiri, mwaka 1953, siku ambayo sinema za mjini zilikuwa na onyesho la wanawake peke yao. Mwanakheir alitoka kwao Mkunazini na buibui lake jipya, akakata tiketi ya juu, akapanda ngazi. Mlangoni alisimama Muhiddin, kijana mwembamba wa kupokea tiketi, akamwambia juu kumejaa, ashuke chini.

"Nshalipa juu," alisema Mwanakheir. "Ntakaa juu."

"Bibi, hapana kiti."

"Basi niletee."

Nyuma yake wanawake walianza kupiga kelele, maana picha ilikuwa ishaanza. Muhiddin akaondoka mbio, akarudi amebeba kiti cha ofisini cha bwana mkubwa wake, akakiweka pembeni ya ukuta. Mwanakheir akakaa bila hata ya kusema ahsante. Jumapili ya pili alikikuta kiti kile kile kinamngoja.

"Leo nafasi zipo tele," alisema Muhiddin huku akiichana tiketi, "lakini hiki nshakizoea kuwa chako."

Kwa miezi minne walijuana kwa muda ule wa kuchana tiketi tu. Maneno mawili matatu, kicheko, na foleni inasukuma. Mwanakheir alikuwa akirudi nyumbani hakumbuki picha ilihusu nini.

Wazee wake walikuwa wamekwisha kufa, naye alilelewa na ami yake, Kificho, mtu wa maneno machache aliyeuza mikeka. Mwaka uliofuata Kificho alimwambia kuwa ameposwa na Matar, mfanyabiashara wa Chukwani, mtu mzima wa heshima zake. Mwanakheir alisema hamtaki. Kificho akasikia, akaendelea na shughuli, akiamini msichana hulia wiki moja akanyamaza.

Hakulia. Alikaa kimya akapigwa singo ya manukato mwilini, akatiwa hina, mpaka somo wake wa kumfunda, Bi Mwanapili, akaona ajabu. Siku ya ndoa Kificho alikuja na mashahidi wawili kwenye mlango wa chumba cha ndani, akauliza kwa sauti ya ada, "Mwanakheir binti Hasan, nikuozeshe kwa Matar?"

Kwa desturi biharusi hunyamaza, na kimya chake ndiyo ridhaa yake. Bi Mwanapili alimshika mkono, akamminya.

"Sikubali!" alisema Mwanakheir.

Kificho akauliza tena kama hakusikia. Akajibiwa vile vile, na safari hii sauti ilifika barazani walipokaa wanaume pamoja na kadhi. Kadhi akafunga kitabu chake. Matar akainuka, akavaa viatu, akaondoka bila ya kumtukana mtu. Biriani ililiwa na waliokuwepo, kwa macho ya chini, kama chakula cha matanga.

Kificho hakusema naye kwa miezi saba. Alipofungua kinywa alisema, "Huyo mtu wako wa sinema anayetajwa mtaani, mwambie alete wazee wake. Hapana mwengine atakayekutaka."

Wakaoana, wakahamia chumba cha kukodi Ng'ambo. Mwanakheir alikuwa hodari wa kushona kofia za viua, zile za nakshi ya uzi, na Muhiddin alipenda kukaa karibu yake akimtungia sindano. Marafiki zake wakija aliwasimulia kisa cha kumkataa Matar mbele ya kadhi, akiigiza sauti ya mkewe, na Mwanakheir alicheka nyuma ya pazia mpaka machozi yakamtoka. Alijiona ameshinda.

Miezi ikapita, kicheko kikapungua. Siku moja Mwanakheir alikuwa anavaa buibui aende sinema na majirani. Muhiddin alimtazama kwenye kioo.

"Usiende tena kule."

"Kwa nini? Si wewe uko mlangoni?"

"Mimi nlikupata mlangoni pale pale. Mwanamke wa kucheka na mchanaji tiketi mmoja atacheka na wa pili. Na aliyemkataa mtu mbele ya kadhi, atashindwa kunikataa mimi?"

Mwanakheir alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, akalivua buibui. Kile ambacho Muhiddin alikisimulia kwa fahari ndicho kilichokuwa kikimnyima raha. Ukaidi wa mkewe aliupenda ulipokuwa juu ya mtu mwengine.

Jumapili ile hakwenda. Ya pili yake akaenda. Alikata tiketi ya juu, akapanda ngazi, akaunyosha mkono. Muhiddin hakuipokea tiketi.

"Rudi nyumbani."

"Nimelipa, Muhiddin."

"Mwanakheir, rudi nyumbani, watu wanatutazama."

"Waache watazame. Chana tiketi."

Muhiddin akasema kwa sauti ambayo ngazi nzima iliisikia, "Basi nimekuacha!"

Wanawake wakashika vinywa. Mwanakheir aliikunja tiketi, akateremka ngazi katikati yao, akaenda moja kwa moja Mkunazini. Kificho alimfungulia mlango, akamwonesha chumba chake cha zamani.

Siku ya tatu Muhiddin alikuja na mashahidi. Uso umemvimba kwa kulia. Alisema talaka ilikuwa moja, ya hasira, na kwamba amemrejea mkewe.

"Mimi sikubali," alisema Mwanakheir, akapeleka shauri kwa kadhi.

Kadhi alikuwa yule yule aliyefunga kitabu siku ya Matar. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole, "Binti yangu, siku ya ndoa uliulizwa kwa kuwa ndoa haijakuwepo. Sasa ipo. Mume akimrejea mkewe ndani ya eda, ile miezi mitatu ya kungoja baada ya talaka, ridhaa ya mke haitakiwi."

Mwanakheir alitoka pale akashika njia ya Mkunazini. Alikuwa akidhani neno lake lina nguvu popote atakapolisema.

Hakurudi Ng'ambo, wala Muhiddin hakumwacha. Alipotaka kujivua kwa kumrudishia mahari, Muhiddin alikataa kupokea. Kila mwezi alipeleka pishi za mchele na mafuta mlangoni kwa Kificho, asije akashitakiwa kuwa hamtazami mkewe. Mwanakheir aligawa kwa majirani. Mwaka wa pili Muhiddin alioa mke mwengine. Mchele uliendelea kuja. Watu walimwita Mwanakheir mke wa mtu, na hapana mwanamme aliyethubutu hata kumsalimia zaidi ya salamu.

Akashona kofia. Akawafundisha wasichana wa mtaani, na mmoja wao, Shemsa, akawa hodari karibu ya kumpita. Mwaka 1959 skuli moja ya wasichana ilimtaka Mwanakheir akafundishe ushoni, aanze mwezi ujao. Alimwambia Kificho kwa furaha ambayo nyumba ile ilikuwa imeisahau.

Wiki ile ile ikaja karatasi. Muhiddin alikuwa anahamia Dar es Salaam na mkewe, hataki tena kuleta mchele, amemwacha.

Bi Mwanapili aliisoma, akaikunja. "Sasa lazima ukae eda, mwanangu, miezi mitatu ndani."

"Eda ya mtu nisiyemwona miaka minne?"

"Ndiyo sharia."

Mwanakheir aliichukua karatasi, akaiweka chini ya kofia alizokuwa akishona. Bi Mwanapili alimwambia labda aende skuli hivyo hivyo, watu watasamehe. Mwanakheir akatikisa kichwa.

"Ntakaa siku zote. Siku moja ikipungua atatokea wa kusema haikwisha, niwe wake tena."

Akamwita Shemsa, akampa mkasi wake mzuri na kalibu zake za kuchorea maua, akamwambia aende skuli badala yake. Shemsa alibusu mkono, akatoka mbio kwa furaha. Skuli ilimpenda, ikamwandika.

Eda ilipokwisha Kificho, ambaye sasa alikuwa haoni vizuri, alimuuliza anataka kwenda wapi.

"Popote, Ami," alisema Mwanakheir. Alivaa buibui, akashika komeo la mlango, akasimama hapo muda mrefu akifikiri ni nani anayemngoja huko nje.