Kucha Nyekundu za Wachimba Handaki

Ntinyari wa Kibirichia alikuwa mwanamke wa kucheka. Hata katika ile miaka ya Hali ya Hatari, mumewe akiwa kizuizini na yeye akiamkia kazi ya lazima ya kuchimba handaki kandokando ya msitu ili wapiganaji wa Mau Mau wasishuke kutafuta chakula, hakukosa neno la kuwavunja wenzake mbavu. Wanawake walichimba kwa sururu na majembe mpaka kucha zikalika. Siku moja alizitazama zake akasema, "Jamani, hizi si kucha tena, ni macho ya viazi!" Wakaangua kicheko hadi msimamizi akawafokea.

Jumamosi moja chifu aliwapa mapumziko. Ntinyari akawaalika majirani zake nyumbani mchana, na hakuwaita kunywa uji tu. Aliwaita kutengenezwa kucha.

Wazo lilikuwa lake, lakini ujuzi ulikuwa wa Dhahabo, Msomali wa Meru mjini, mke wa Hared mwenye lori la kununulia viazi. Yeye na Ntinyari walipatana urafiki miaka mingi nyuma wakigombania gunia moja la viazi, na tangu hapo Hared hakuweza kupita Kibirichia bila mkewe kutaka kupanda naye. Siku hiyo Dhahabo alishuka na kikapu chenye hina, wembe na kichupa cha rangi nyekundu ya kucha kilichotoka Nairobi.

"Ni hiki kimoja tu, Mama Kathure," alimwonya Ntinyari.

"Kitatosha. Sisi tumezoea kugawana."

Karai la maji moto likawekwa katikati ya nyumba. Wanawake wakatumbukiza mikono kwa pamoja, wakapiga kelele kama wasichana mtoni. Udongo wa miezi ulipotoka, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Dhahabo akakata, akasugua, akapaka. Aliyepakwa alikatazwa kugusa kitu, kwa hiyo mwenzake alimlisha kiazi mdomoni, na mwingine akamkuna pua.

Mzee kuliko wote alikuwa Rwamba, mama wa Kiembu aliyeolewa Kibirichia tangu ujana. Aliikataa rangi ya dukani kwa kuwa ilinuka ndizi zilizochacha. Akakubali hina. Dhahabo akamzungushia vitambaa kila kidole, bibi akakaa ameinua mikono kama kuku wa kunyonyolewa.

Hapo ndipo mlango ulipogongwa kwa kitako cha bunduki.

"Nani kawapa kibali cha mkutano?" Ilikuwa sauti ya Misheck, hom gadi aliyelinda kijiji kwa niaba ya serikali. "Fungueni! Mikono juu!"

Wanawake wakatazamana. Mikono yao yote ilikuwa juu tayari, ikikauka. Mmoja akafyatua kicheko, na cheko likaenea kama moto wa nyasi kavu. Ntinyari alijua watu walikuwa wakifungwa kwa kukusanyika tu, lakini naye alikuwa akicheka. Akausukuma mlango kwa kiwiko, akatoka na mkono wake wa kushoto uliokwisha pakwa.

Misheck aliziona zile ncha nyekundu, akarudi nyuma. "Damu! Mnakula kiapo cha Mau Mau!"

"Nusa, baba."

Akanusa, uso ukamkunjamana. "Hii ni nini?"

"Ni rangi ya kucha. Tunajipamba."

"Nitaingia nione mwenyewe."

"Ingia," Ntinyari alisema kwa upole. "Mama mkwe wako yuko humo."

Misheck akaganda. Rwamba alikuwa ndiye mama wa mkewe, Peninah, na hakuna mkwe mwenye adabu ambaye angemvamia mama mkwe ndani, sembuse akiwa na bunduki. Akageuka, akaupa mlango mgongo.

"Mwambie atoke, basi," alinong'ona.

Kutoka ndani Rwamba akajibu, "Mwambieni mkwe wangu nimefungwa vidole. Nikitoka tutaonana ana kwa ana, na hiyo aibu ataibeba yeye."

Ntinyari alirudia kila neno kwa heshima, ingawa mtu huyo alikuwa amesikia yote. Ndani, wageni waliziba midomo kwa viwiko, wakikumbuka kwamba rangi bado ni mbichi.

Bila kugeuka, Misheck akauliza kwa sauti ndogo, "Peninah hakualikwa?"

"Si unajua anaumwa kifua? Mama yake alisema apumzike."

"Na hiyo rangi... imebaki?"

Kichupa kilikuwa na matone machache tu, yaliyowekwa kwa ajili ya mkono wa kulia wa Ntinyari. Ntinyari hakusita. Akamletea kichupa, akamshika kidole cha mwisho, akampaka ukucha mmoja.

"Umpake mkeo hivyo. Mkono mwepesi, usirudie rudie."

Misheck akaficha mkono mfukoni pamoja na kichupa, akashuka kilima akitembea wima kama mtu aliyebeba yai.

Kabla ya saa ya kafyu Hared alipiga honi. Wanawake wakatawanyika kwenye vijia wakitanua vidole mbele yao, na Rwamba akasindikizwa akiwa bado na vitambaa vyake. Dhahabo alipoona mkono wa kulia wa mwenyeji wake alishtuka.

"Wewe umepakwa nusu!"

"Nusu yangu nyingine imeenda kwa Peninah," Ntinyari alisema, akacheka mpaka akakaa chini mlangoni.