Nilimufuta Papa Sababu Alifunga Macho

Kosa ni langu, sitasingizia mutu. Jina tu ndio ninaficha, kwa sababu hapa kwetu Mapendo wananiita "Fotografe," mupiga foto, na ninaona haya lakini bado ninaitika!

Nilinunua apareyi ya numerike, kamera isiyo na filamu, ya mukono wa pili. Zamani, apareyi ya pelikile, ile ya filamu, ilitoa foto thelathini na sita tu. Mulipiga moja siku ya Noeli, munangoja wiki mbili kuiona, na hata ikitoka mbaya inaingia kwa albamu. Mimi sasa ninapiga mia tatu kabla ya chai! Mbaya ninafuta palepale. Nikajiona fundi.

Dada yangu akaolewa kule Kalengera. Nilipiga kila kitu: masahani, viatu vya bwana harusi, hata mbuzi wa mahari, mara kumi na mbili. Lakini Papa! Kila flashi ikiwaka, anafunga macho.

"Papa, fungua macho!"

"Nimefungua, mutoto wangu."

"Umefunga tena. Ninafuta."

"Acha basi. Hiyo si ni mimi?"

"Watu watatucheka, Papa."

Akacheka yeye mwenyewe, akaenda kukaa na Mama. Nikafuta zote. Zote! Nikajiambia nitamupiga siku ingine, foto si haziishi?

Kisha miezi mitatu, Papa alianguka shambani, hakuamuka tena.

Kwenye kilio wakaniambia: "Fotografe, leta foto ya muzee, tuiweke juu ya sanduku." Nikafungua apareyi. Mbuzi yuko. Viatu viko, vinang'aa kabisa! Papa, hata bega lake hapana.

Tukakuza ile ya karte ya kupigia kura. Ikatoka na ukungu, uso umekunjwa kama mutu aliyekamatwa na polisi. Papa yangu, mutu wa kucheka vile! Shangazi akaiangalia, akaniuliza mbele ya wote: "Na wewe ndiye Fotografe?"

Mama akakaa karibu yangu. Aliomba tu nimuonyeshe foto za harusi, moja moja. Alipofika mwisho akasema: "Labda ameingia nyuma ya watu. Nitaangalia tena." Sikumuambia kama nilifuta. 

Ninyi wenye telefone za kubeba foto elfu, nawasihi: muzazi akitoka vibaya, mumuache vibaya hivyohivyo. Mama, kila Jumapili kisha misa, ananiomba apareyi atafute. Na mimi, muoga, ninamupa.