Maji ya Viazi na Shimo la Buibui

Nilikuwa na miaka minane, tukiishi Molo kwa shosho, nyanya yangu, nilipoamini kwamba nimemuua ndugu yangu ambaye alikuwa hajazaliwa.

Nyuma ya jikoni, pale nyasi zilipopakana na shamba la viazi, kulikuwa na mashimo ya duara, membamba kama kidole gumba, midomo yake imezungushiwa utando. Ndani waliishi buibui wakubwa wa rangi ya udongo. Hawakutega nyuzi kama wale wa darini. Walikaa mlangoni wakingoja mdudu apite. Shosho alitukataza kumwaga maji moto hapo. Maji ya viazi sharti yapoe kwanza. Alisema buibui yule hubeba watoto wake mgongoni, na nyumba ya anayemchoma itakosa mtoto.

Siku moja nilikuwa na njaa na sufuria ilikuwa nzito. Nilimwaga maji palepale, juu ya shimo. Buibui alitoka na watoto mgongoni, wengi, wadogo kama mbegu za sukuma wiki. Hakufika mbali.

Mama alikuwa mjamzito. Wiki hiyohiyo alipelekwa hospitali kabla ya wakati, akarudi mikono mitupu. Watu wazima walisema ni presha. Mimi nilikuwa na sababu yangu. Niliacha kula, hadi shosho akanikalisha juu ya gunia la mbegu na kunibana niseme. Nikasema.

Alinitazama kwanza. Halafu akacheka.

"Wewe ni mjinga kama babako. Hayo niliwaambia ndio msijichome miguu. Buibui ana nguvu gani? Enda ukule."

Nikaenda, nikala, na jambo likaisha.

Leo ninaishi mjini, mtaa wa Free Area, na nina watoto watatu. Nikichuja viazi nawaambia tu kwamba maji moto yanachoma, wasogee. Sina muda wa zaidi ya hapo.

Lakini miaka iliyofuata siku ile ya gunia, kila shangazi alipokuwa na mimba, shosho aliwaonya binamu zangu kuhusu yale mashimo kwa maneno yaleyale. Nikitokea alikatiza, akaniuliza kama kuku wameingia.

Basi alikuwa anaamini, tangu mwanzo. Siku ile alikuwa amempoteza mjukuu, na mtu ambaye shosho alimdhani kuwa ndiye chanzo alikuwa ameketi mbele yake juu ya gunia. Akanitazama, akacheka, akanituma nikale.