Tarehe Tatu, Barabara ya Ash Creek

Kaunti ya Tarbell, kwenye vilima vya mchanga vya Nebraska, ilikuwa na ng'ombe wengi kuliko watu, na watu wenyewe walikuwa na kiburi cha kutosha kaunti tatu. Kila mwaka kilikuja kitabu kutoka Washington kinachoonyesha serikali kuu ilivyogawa matumizi yake katika jimbo, kaunti kwa kaunti: pensheni za wazee, malipo ya askari wa zamani, ruzuku za wakulima, barabara, madaraja. Na kila mwaka Tarbell ilikuwa ya tisini na tatu kati ya kaunti tisini na tatu. Wengine wangeona haya. Watu wa Tarbell waliuchana ukurasa ule wakaubandika kwenye mgahawa wa Dolores, juu ya birika la kahawa, na Merle Osterhaus, mwenyekiti wa makamishna wa kaunti, akaizungushia Tarbell kalamu nyekundu.

"Wa mwisho!" alikuwa akimwambia kila mgeni. "Sisi hapa hatuli cha Washington."

Aliyekuwa akikitoa kitabu hicho kwenye bahasha ni Verlene Soukup, karani wa kaunti kwa miaka ishirini na minane. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Aliandikisha ndoa, vifo na chapa za ng'ombe, na hakuna mtu aliyejua mambo ya kaunti ile kumzidi. Hivyo ndivyo alivyoamini mwenyewe, maskini, mpaka mwaka ule wa 1994.

Mwezi wa saba ilikuja barua kutoka makao ya jimbo. Basi dogo la wazee, lililolipiwa na pesa za serikali kuu, lingeondolewa Tarbell ifikapo tarehe mosi Oktoba. Kwa mujibu wa kitabu, kaunti ilikuwa na wazee ishirini na watatu tu wanaopokea pensheni, na basi lilitaka wasiopungua sitini. Kama kaunti ina neno, ilete majina, saini na mahali anapoishi kila mmoja, pamoja na ombi lililosainiwa na mwenyekiti, kabla ya Agosti kwisha.

Verlene aliisoma barua amesimama, kisha akakaa. Kaka yake Leland alikuwa akipanda basi hilo kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kwenda mjini, maili themanini, kusafishwa damu kwa mashine kwa sababu figo zake zilikuwa zimekufa. Macho nayo yalikuwa yamemtupa; hakuweza tena kuendesha gari. Bila basi angelazimika kuhamia mjini, kwenye chumba cha kupanga karibu na hospitali, aiache nyumba alimozaliwa.

"Sihami," Leland alisema jioni ile, akiisukuma sahani ya viazi. "Nitakufa hapa hapa na ng'ombe wangu wananitazama."

"Acha kunitisha na ng'ombe wako, kaka. Kula."

Wazee ishirini na watatu! Kanisani kwake tu Jumapili ile alihesabu vichwa vyeupe thelathini na kimoja, na hao ni wasiosinzia. Aliporudi kwa Leland aliiona bahasha ya pensheni mezani, na chini ya jina la kaka yake anwani: Brisco. Brisco ilikuwa upande wa pili wa mpaka, katika Kaunti ya Quade. Posta ya Ash Creek ilipofungwa zamani, barua za nusu nzima ya magharibi ya Tarbell zilianza kupitia Brisco, na hakuna aliyejali, maana barua ni barua. Lakini wale waandishi wa Washington walisoma anwani tu. Kila mzee wa magharibi alihesabiwa kuwa mtu wa Quade. Na Quade, kwa hesabu ya wazee wasio wake, ilikuwa na mabasi matatu, moja lina televisheni.

Akaanza kupiga simu. Hapo ndipo alipogonga mwamba.

"Mimi? Pensheni?" Bi Hedwig Krajicek alikohoa kwenye simu. "Nani kakwambia? Mimi naishi kwa kuku wangu, mwanangu."

"Bi Hedwig, una miaka themanini na minne."

"Na kuku wangu wanataga vizuri."

Kila nyumba jibu lilikuwa lile lile. Siku zote za maisha yao walikuwa wameusifu ule ukurasa ukutani, na kila mmoja alidhani ndiye peke yake anayeuvunjia heshima. Naye Merle alipofika ofisini alilisukuma ombi kwa kidole kimoja kana kwamba limelowa.

"Sisaini kitu cha kuomba Washington, Dada Verlene. Nampenda Leland kama ndugu. Lakini sisaini."

"Usimpende sana, basi. Saini tu."

Merle alivaa kofia yake akaondoka.

Mwisho akamwendea Duane Pelikan, msambazaji wa barua wa njia ya Ash Creek, mtu aliyeendesha gari kwa mguu wa kushoto akiwa amekaa kiti cha kulia, cha abiria, ili aufikie mlango wa kila sanduku la barua.

"Nambie nani anapokea, Duane."

"Nimekula kiapo, Mama. Hata mke wangu simwambii." Akajikuna kidevu. "Lakini barabara si yangu. Hundi zinakuja tarehe tatu. Wewe tarehe tatu huwa uko wapi?"

"Ofisini. Miaka yote."

"Ndiyo maana," alisema Duane, akaondoa gari.

Tarehe tatu Agosti, Jumatano, kwa mara ya kwanza Verlene aliandika kwenye kikaratasi kwamba ofisi imefungwa, akakibandika mlangoni. Saa tatu asubuhi alikuwa nyuma ya gari la Duane kwenye barabara ya changarawe.

Barabara ya Ash Creek aliijua. Maili arobaini za nyasi na anga, vinu vya upepo vya kuvuta maji, na masanduku ya barua juu ya nguzo, kila moja mbali na nyumba yake kiasi kwamba nyumba huioni. Angeapa kwamba ungeweza kuipita yote usikutane na binadamu. Lakini walipopanda kilima cha kwanza, kando ya sanduku alisimama mtu. Alikuwa mzee Florian, amenyoa, amevaa shati safi. Kilima cha pili, wajane wawili waliogombana tangu mwaka wa mafuriko, kila mmoja kwenye sanduku lake, wamepeana mgongo. Bi Hedwig alikuwa amekuja kwenye trekta. Kilima baada ya kilima, sanduku baada ya sanduku, palikuwa na mtu amesimama katika nyika ile tupu, amegeuza uso upande gari la barua linakotokea, anangoja.

Verlene alipunguza mwendo. Aliwaza mtu fulani, kwenye jengo fulani Washington asilolijua, ambaye hajawahi kuona Ash Creek wala hataiona, lakini ameandika jina la Florian bila kukosea herufi; na bahasha ile imevuka mito na majimbo ikamfikia asubuhi ile ile iliyoahidiwa, mpaka mkononi, juu ya kilima ambacho hata daktari hakifiki. Na si yeye tu. Ni wote, kwa asubuhi moja, kila mwezi. Nchi kubwa namna ile ilikuwa ikiwajua mmoja mmoja. Alikuwa ameandika maisha ya watu hawa kwa miaka ishirini na minane, na hili hakuwa amewahi kuliona. Alisimamisha gari akalia, kisha akafuta miwani, akachukua ubao wa kuandikia.

Mtu aliyeshika bahasha mkononi hana pa kujificha. Walisaini mmoja mmoja, wengine wakicheka, wengine wakinuna.

"Kwani Florian naye kasaini?" aliuliza Bi Hedwig juu ya trekta.

"Kasaini."

"Mnafiki mkubwa yule!" alisema kwa furaha, akasaini.

Kufikia mwisho wa barabara majina yalikuwa hamsini na moja, bila kuwahesabu wale ishirini na watatu wa kitabu. Sanduku la mwisho lilikuwa la Osterhaus. Merle alikuwa kando yake, ameshika nyundo.

"Natengeneza nguzo," alisema kabla hajaulizwa.

Duane alimpa bahasha bila kumtazama, akaenda zake. Merle alibaki na nyundo mkono mmoja na bahasha mkono wa pili. Nguzo ilikuwa imara kabisa.

"Ni yangu," alisema hatimaye. "Nimekatwa mshahara kwa ajili yake miaka arobaini."

"Najua ni yako, kaka Merle. Nimetoka kuwaona wengine hamsini na mmoja wenye zao."

"Hamsini na mmoja?" Aligeuka akaitazama barabara, vilima vyote vile alivyovipita maisha yake yote. "Hii barabara hii?"

"Hii hii. Wamesimama kama wewe. Wewe tu ndiye mwenye nyundo."

Merle akaweka nyundo juu ya sanduku, akaomba kalamu, akasaini ombi kwenye boneti ya gari, halafu, bila kuombwa, akashuka chini ya orodha akaandika jina lake, la hamsini na mbili.

Jibu lilikuja Septemba inakwisha: basi linabaki. Jumatatu ya tarehe tatu Oktoba Verlene alifunga ofisi tena, akapanda basi pamoja na Leland, akamshika mkono, akamsimulia kila wanachopita kwa kuwa macho yake hayakufika mbali.

"Florian yupo. Wajane wapo. Leo wanatazamana."

"Muongo wewe."

"Kweli tupu. Hedwig anapunga bahasha."

Kila sanduku dereva alipunguza mwendo, na kila mtu aliinua mkono. Basi lilipofika kwa Osterhaus, Verlene aliinua miwani akachungulia dirishani.

"Nani?" aliuliza Leland. "Merle? Anafanya nini?"

"Amesimama tu," alisema Verlene. "Hana nyundo."