Kwa Jani au kwa Mashine

Riwaya yangu ilikwama mlangoni. Mhandisi wangu, dada mmoja wa Kibosho wa miaka mingi ijayo, alikuwa amepanda Mlima Kilimanjaro na vipande vya mtambo wake mgongoni, akafika mbele ya mlango wa jiwe, na mimi niliyemfikisha pale sikujua nimfungulie kwa njia gani. Kwa sayansi au kwa uchawi. Nikamwacha amesimama wiki sita.

Nieleze kwanza mimi ni nani. Nimezaliwa hapa Kibosho, wa pili kati ya watoto wawili, kwenye kihamba cha ukoo, shamba la migomba na kahawa ambalo babu alimwachia baba na baba akatugawia kaka yangu na mimi. Nina stashahada ya ufundi wa majokofu na viyoyozi. Sikusomeshwa na mjomba wala na parokia. Nilijisomesha, mchana nikibeba mabomba ya watu, jioni nikiingia darasani. Nimefanya kazi Gaborone, kisha Muscat, na huko kuna hoteli ya ghorofa ishirini na mbili inayopoa mpaka leo kwa mabomba niliyoyachomelea mimi. Niliporudi nilijenga nyumba ambayo watu wakielekezana njia huitaja. Sisemi haya kwa majivuno tu. Nasema ili ieleweke kwa nini mtu kama mimi, akiandika hadithi, hawezi kuacha taa iwake bila kujua umeme umetoka wapi.

Katika riwaya ile barafu ya kilele cha Kibo imekwisha na mifereji inayoshuka mashambani imekauka. Dada yule ametengeneza mtambo wa kukigandisha kilele upya. Mtambo huo naujua kama mkono wangu. Niliuchora kwenye karatasi za miraba kabla sijaandika sentensi moja: gesi inazunguka wapi, shinikizo ni kiasi gani, joto linatupwa wapi. Maana joto halipotei, lazima ulitupe mahali. Mimi nililitupa upande wa Rombo, na katika sura ya nne watu wa Tarakea wanaanza kulalamika kwamba makoti yao hayana kazi tena. Sura hiyo naipenda sana. Anayejua jokofu linavyofanya kazi atacheka, na asiyejua atajifunza.

Tatizo ni kwamba ndani ya mlima nilikuwa nimeweka watu. Zamani walitendwa vibaya na watu wa miteremkoni, wakaingia ndani wakafunga mlango. Bila wao kukubali, mtambo haufungwi kileleni. Na hapo ndipo kila mwandishi wa hadithi za namna hii hufika siku moja. Achague. Aseme neno la siri na jiwe lisogee, au atafute sababu inayoweza kuandikwa kwenye karatasi ya miraba.

Mimi nilichagua sayansi, na nilichagua kwa dharau. Niliamini uchawi katika hadithi ni kimbilio la mwandishi aliyeishiwa. Nikaandika hivi: dada anatoa jani la isale, ule mmea mrefu tunaoupanda mipakani huku kwetu. Jani linatoa harufu fulani, kwenye jiwe kuna kifaa kinachoinusa harufu hiyo, mlango unafunguka. Nilijipongeza. Nilikuwa nimechukua mila ya Wachagga nikaitia nyaya.

Msomaji wangu wa kwanza ni shemeji, mke wa kaka yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alikuwa akija kwangu na kalamu yake nyekundu ingawa mume wake hakuwa amekanyaga pale kwa miezi minane. Ugomvi wa watoto wa mama mmoja, alisema, yeye haumhusu, yeye anafuata hadithi.

Siku ile alisoma mpaka mlangoni, akavua miwani.

"Shemeji, mashine yako naiamini," alisema. "Nimeona mpaka mahali inapovuja mafuta. Huu mlango siuamini."

"Umeelezwa vizuri kuliko mashine."

"Ndiyo maana. Nikuulize. Mwizi akiokota jani hilo njiani, anaingia?"

"Anaingia. Kifaa hakijui mwizi."

"Na yule aliyewatenda vibaya, akirudi na jani kuwamalizia?"

"Naye anaingia."

"Basi hao watu wa ndani ni wajinga, na wewe umenipotezea kurasa mia moja na arobaini kuwaogopa."

Nikamwambia nikiondoa kifaa unabaki uchawi, na uchawi hauna masharti, kila kitu kinawezekana, na msomaji akishajua hivyo haogopi tena kitu. Akasema uchawi usio na masharti ni uchawi wa mwandishi mvivu. Watu wenyewe, alisema, hawajawahi kuwa na jambo la namna hiyo lisilo na masharti mengi kuliko leseni ya gari.

"Isale lenyewe unalijua?" akauliza. "Mara ya mwisho ulilishika lini?"

Hakuuliza kwa ukali, lakini wote wawili tulijua jibu. Nililishika miezi minane nyuma, siku nilipong'oa masale yote ya upande wangu ili nijenge ukuta.

Nilikuwa nimerudi karibuni. Kule nilikotoka, nyumba ya mtu aliyefanikiwa ina ukuta, na mimi nilitaka wa matofali ya saruji, wenye geti la chuma. Kaka alikuwa ameenda soko la Kwa Sadala kuuza ndizi. Vijana wanne walimaliza kazi kabla hajarudi. Masale aliyopanda babu, ambayo baba alizikwa hatua kumi kutoka pale yalipokuwa, nilikuwa nimeyalundika kando ya barabara. Kaka alishuka na vikapu vyake vitupu, akayatazama, akaniuliza neno moja.

"Uliniambia?"

"Ni upande wangu, kaka," nikamjibu.

Tangu hapo aliitikia shikamoo yangu kwa sababu shikamoo lazima iitikiwe, na baada ya marahaba hakuna kilichofuata.

Ningeweza kuishi hivyo miaka, nakiri. Lakini binti yangu alikuwa amepata mchumba, na ilibaki wiki tatu watu wa upande wa mwanamume waje. Kwetu wageni wa namna hiyo hawapokelewi na baba mzazi. Anayewakalisha, anayewauliza wametafuta nini na kujifanya hajui, ni baba mkubwa. Baba mzazi hukaa pembeni kama aliyealikwa. Baba mkubwa asipotokea, wageni hunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kidogo kwa adabu, wakaondoka, wakaenda kuulizana kuna nini katika nyumba ile. Binti yangu alikuwa ameacha kuniuliza kama baba mkubwa atakuja. Kuacha kwake kuniuliza kuliniuma kuliko swali.

Kwa hiyo kesho yake, baada ya maneno yale ya shemeji, nikateremka Moshi mjini. Kila mtu huku anajua kinachofanyika: aliyekosa hukata jani la isale, hulifunga fundo, humpelekea aliyemkosea. Na anayeletewa isale hakatai. Mimi sikuwa nalo tena, ila nilijua pa kulipata. Kwenye vitalu vya maua mjini wanayauza, yamepandwa kwenye vyungu, kwa ajili ya mapokezi ya hoteli na ofisi. Nilichagua zuri kuliko yote, lenye chungu cha kauri ya kijani, nikalifunga mkanda kwenye kiti cha mbele cha gari.

Kaka nilimkuta zizini anamkatia ng'ombe vigogo vya migomba.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

Nikaweka chungu chini mbele yake, majani yakiwa yamefungwa fundo na utepe mwekundu wa dukani. Aliendelea kukata. Kisha akafuta panga kwenye suruali na kuinama kutazama.

"Hiki nini?"

"Ni isale, kaka. Nimekuletea."

"Hiki ni ua."

"Kaka, ni mmea ule ule. Ukipeleka hili na lile maabara, hakuna atakayeyatofautisha."

"Basi lipeleke maabara."

"Isale halikataliwi. Unajua hivyo."

"Isale silikatai," akasema. "Hili limetoka kwenye duka la maua. Lingekuwa hapa hata kama usingenikosea. Angelinunua Mhindi akaliweka karibu na choo cha wageni." Akampa ng'ombe kipande. "Chungu ni kizuri lakini. Mpelekee shemeji yako, atapandia pilipili."

Nilirudi nyumbani na hasira ya mtu aliyeshindwa hoja ambayo anajua kisayansi ameshinda. Kwa sababu nilikuwa sahihi. Jani ni jani. Nikakaa mezani, nikafungua ule ukurasa, na kwa ukaidi nikamfungulia mlango mhandisi wangu kwa kifaa cha kunusa harufu. Akaingia. Watu wa ndani wakampokea, wakasema maneno mazuri, mtambo ukafungwa kileleni. Kurasa nane kwa mchana mmoja. Nilizisoma na hakuna kitu kilichokuwa kimetokea.

Nilikaa na kurasa zile muda mrefu. Nimetengeneza majokofu ya mapadre, ya wauza baa na ya mtu mmoja Gaborone ambaye baadaye alifungwa kwa wizi. Yote yaligandisha sawasawa. Huo ndio uungwana wa sayansi na ndiyo sababu niliipenda tangu nikiwa kijana asiye na mtu wa kumsemea: haiulizi wewe mtoto wa nani. Ukifunga bomba vizuri litapoa. Cheti changu hakikuuliza baba yangu alikuwa na ekari ngapi.

Na uchawi, nilianza kuona, kazi yake ni kuuliza. Katika hadithi nzuri za ajabu fimbo haifanyi kazi mkononi mwa kila mtu. Lazima iwe imetoka mahali fulani, imepewa na mtu fulani, na anayeishika awe amefanya au ametendwa jambo. Si uvivu, ni masharti ya aina nyingine, na ni magumu kuliko yangu kwa sababu huwezi kuyatimiza kwa kutuma mtu. Kosa langu halikuwa kuchagua sayansi. Kosa langu lilikuwa kuipa sayansi kazi ya kuuliza, wakati fahari yake yote ni kwamba haiulizi. Ubaridi wa kilele ni kazi ya mtambo. Lakini watu waliotendwa vibaya hawawezi kulindwa na kifaa ambacho hakijui nani amesimama nje.

Nilipofika hapo katika kufikiri nikaona pia jambo ambalo sikulipenda. Masale yaliyobaki katika kihamba chetu yalikuwa upande mmoja tu. Upande wake.

Nilikwenda asubuhi, kwa miguu, bila gari. Kaka alikuwa anapogoa kahawa. Shemeji alikuwa kibarazani anachambua maharage.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba jani la isale."

Aliacha kukata. "La nini?"

"La kumpelekea mtu niliyemkosea."

"Mtu gani huyo?"

"Kaka yangu."

Shemeji aliinamia maharage yake zaidi ya ilivyohitajika.

"Kaka yako ulimfanya nini?"

Nimesimama mbele ya mameneja Waarabu wanne nikawaeleza kwa Kiingereza kwa nini mtambo wao wote uliwekwa vibaya, na sauti yangu haikutetemeka. Pale niliyatazama kwanza matawi aliyokwisha kuyaangusha, ndipo nikasema.

"Niling'oa masale ya babu. Nilisubiri siku aliyokwenda sokoni. Nilijua angenikataza, ndiyo maana nilisubiri."

Hilo la mwisho sikuwa nimelisema kwa mtu yeyote, hata kwa mke wangu. Kaka alinitazama kama anayepima mzigo. Kisha akanigeuzia mpini wa panga.

"Kata mwenyewe. Si hilo, lina wadudu. La juu."

Nikakata la juu. Kulifunga sikukumbuka. Nilizungusha, likafumuka, nikazungusha tena.

"Stashahada ya mabomba," akasema shemeji kutoka kibarazani, "fundo linamshinda."

"Mwache," kaka akasema. "Muscat hawafundishi."

Hakunisaidia. Fundo la tatu lilishika, baya, lakini lilishika. Nikampa kwa mikono miwili. Akalipokea, akalitazama pande zote, akalichomeka kwenye paa la zizi, kisha akakaa kwenye kigogo.

"Na huo ukuta?" akauliza.

"Ukuta una nondo, kaka. Hautoki."

"Sijasema utoke. Nje yake kuna nafasi ya hatua moja. Vipandikizi vya masale vipo hapa, chukua."

Tukakaa. Baadaye akauliza kuhusu kitabu, maana mkewe alikuwa akimsimulia sura baada ya sura na mimi sikujua.

"Barafu inarudi?"

"Inarudi."

"Kwa jani?"

"Hapana. Jani ni la kuingilia tu, na wanamhoji kwanza. Barafu ni kompresa."

"Afadhali," akasema. "Barafu ya jani nisingeiamini."

Ukurasa ule niliuandika wiki iliyofuata. Watu wa mlimani wanamuuliza dada maswali matatu na anashindwa kujibu la pili, na jani sikulieleza hata kwa sentensi moja. Ni kazi bora niliyowahi kuandika, na shemeji, ambaye hasifu ovyo, aliipitia akaweka alama nyekundu mbili tu.

Lakini asubuhi ile, kabla sijaondoka na vipandikizi vyangu begani, kaka aliniita nikiwa nimeshafika kwenye migomba.

"Hao wageni wa mtoto," akasema, "ni Jumamosi ipi? Na nani anapika mbege? Maana kama ni watu wako wa mjini, mimi siwezi kukalisha watu mbele ya pombe yao ile."

Nikarudi kukaa, tukaanza kupanga.