Damu ya Mzee Thuo

Mama wa maabara katika hospitali moja ya Eldoret hakuita damu sampuli. Kila kichupa alikiandika jina la mgonjwa wa kiharusi, akakishika kama yai bichi na kukilaza kwenye friji. "Pumzika, Mzee Thuo." Alikuwa akitafuta vimeng'enya, vichocheo vya damuni vinavyochezea protini mpaka mishipa ya ubongo inaharibika, navyo havivumilii joto. Asubuhi moja alikuta vichupa vyote vimeanikwa dirishani, juani. Na friji? Soda! Soda za mgeni wa chama cha siasa aliyekuja kuzuru hospitali! Hakulia, hakufoka. Alivipanga vichupa kwenye trei, akaibeba hadi ofisi ya mkuu wa hospitali, akaitua mbele ya mgeni. "Mheshimiwa, huyu ni Mzee Thuo. Angesimama akusalimie, ila kiharusi kilimuua upande mmoja. Leo wamemmalizia wa pili, ili wewe upate soda baridi."