Karata za Wenzake

Kabla ya runinga, karata mtaani zilikuwa mambo ya walevi. Ukikutwa umezishika, mkeo ana pa kuanzia. Kisha stesheni moja ikaanza kuonyesha mashindano ya poka, watu wakaona wanaume waliovaa makoti wakipigiwa makofi, na mtangazaji akinong'ona kana kwamba yuko msibani. Mchezo ukasafishwa jina. Hata wazee wenye heshima zao wakaanza kubishana nani angepandisha dau na nani angetupa karata.

Walibishania kwa fundi cherehani, kwa sababu ndiye aliyekuwa na runinga ukutani. Alishona jicho moja likiwa huko juu. "Huyu anatisha watu tu, hana kitu mkononi," alikuwa akisema, na kweli mtu huyo hana kitu. Wakampachika jina la Profesa, naye kichwa kikavimba. Hakuna aliyejiuliza lililo wazi: runinga iliwaonyesha watazamaji karata za kila mchezaji, hata zilizofunikwa. Kwa mtindo huo hata mbuzi angekuwa profesa.

Dada yake mkubwa alikaa pembeni, akishona vifungo na kukunja pindo kwa mkono. Cherehani ilikuwa ya marehemu mama yao. Aliwaachia wote wawili, na ndiyo iliyowalisha.

"Mdogo wangu, wewe tazama tu," dada alimwambia. "Mezani kwao usiende."

Akaenda. Palikuwa chumba nyuma ya gereji, meza ya plastiki, na wanaume watano waliojifunzia mchezo kwenye runinga hiyohiyo. Fundi alipobakiwa na kidogo, mwenye gereji alisukuma fedha zake zote mbele. Fundi alimkazia macho, asione kitu usoni pake. Basi kwa mazoea akainua kichwa kutazama ukutani, azisome karata za mwenzake. Ukutani palikuwa na kalenda. Watu wakaangua kicheko, na aibu ile ndiyo iliyomsemesha.

"Naweka cherehani."

Mwenye gereji hakuwa akitisha mtu.

Asubuhi walikuja na mkokoteni. Dada aliwapisha mlangoni. Fundi alitamani atukanwe, azabwe hata kofi, maana alijua anastahili.

"Dada, kwenye runinga huwa..." alianza.

Dada alikwisha kaa. Sare za shule zilikuwa zimekatwa, hazijaunganishwa, na wenyewe wangezifuata Jumatatu. Alitunga uzi, akaanza ubavu wa sketi ya kwanza kwa sindano. Mshono ambao cherehani ingeumaliza mara moja ungemchukua saa nzima. Mdogo wake akavuta kigoda, akachukua sindano naye.

"Fundi," dada alisema bila kuinua uso, "usinizibie mwanga."

Wateja ndio waliomwita hivyo. Dada, tangu enzi za kumbeba mgongoni, hakuwahi kumwita ila mdogo wangu. Mdogo wake akasogeza kigoda chake upande wa pili, akashona.